Mkono Uliomchelea Wifi

Kwa maneno Mama Wembe alikuwa mpole, wa kukanyagwa mguu kwenye foleni kisha akaomba radhi yeye. Jina lake lilitokana na kazi. Katika hospitali ile kubwa, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, kililetewa vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, vya titi, vya utumbo, vya ini, kila kimoja kimezamishwa ndani ya nta hadi kikawa kijitofali ambacho wenyewe wanakiita bloku. Mama Wembe alikifunga kijitofali hicho kwenye mashine, akazungusha gurudumu, na kisu kikakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukipiga chafya, kazi imekwisha. Vipande hivyo aliviweka juu ya maji ya vuguvugu vikaelea na kujinyoosha, akavizoa kwa kipande cha kioo, na kioo kikapanda ngazi hadi kwa daktari wa darubini, ambaye ndiye mwenye kusoma na kusema huyu ana hiki, yule ana kile.

Ni kazi isiyo na shangwe. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumpelekea shukrani mkata nta, kwa sababu hakuna mgonjwa anayejua kwamba yupo. Lakini Mama Wembe aliipenda. Aliianza kitindamimba wake akiwa bado ananyonya, na sasa kitindamimba huyo ana ndevu na anamkopa viatu baba yake. Miaka yote hiyo mkono wake haukutetemeka.

Chumba kilikuwa na mashine mbili. Ya pili ilikuwa ya mwenzake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi ghorofa ya juu, aliyeitwa Chapuchapu. Huyo alizungusha gurudumu huku anaimba, anasimulia ugomvi wa majirani, anauliza nani amechukua kikombe chake. Mama Wembe hakuwahi kumsema mbele ya watu, ila moyoni alikuwa na lake: yule anakata kama anamenya viazi.

Na chumba kilikuwa na mwiko mmoja ambao haukubandikwa ukutani lakini kila mtu aliujua. Bloku ya ndugu yako huikati. Unasema “huyu wangu”, unamsogezea mwenzako, yamekwisha. Mganga hajigangi.

Sasa, huyo wifi.

Wifi yake Mama Wembe, mdogo wa mumewe, alikuwa msusi mwenye saluni ndogo nyuma ya soko na ulimi ambao ungeweza kunyoa bila mkasi. Siku Mama Wembe anaingia kwenye ukoo ule kama bibi harusi, wifi alimtazama juu hadi chini, akamgeukia kaka yake. “Huyu mbona mwembamba hivi? Watoto atawaweka wapi?” Watu wakacheka, bibi harusi akatamani ardhi ipasuke. Mwaka uliofuata, uchungu wa mtoto wa kwanza ulipomshika, ni wifi huyohuyo aliyemshika mgongo tangu alfajiri, akimtukana kaka yake kwa kila mkazo kana kwamba ndiye anayesukuma. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Wifi alipokatwa titi la kushoto, miaka kadhaa kabla ya haya ninayoyasimulia, alirudi saluni na kuwaambia wateja kwamba amepunguza mzigo. Akawa anameza kidonge chake kila asubuhi, na maisha yakaenda. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Kisha tumbo likajaa upande wa kulia. Picha zikapigwa, na ugonjwa ukaonekana kwenye mifupa na kwenye ini.

Daktari wa saratani, mwanamama mwenye sauti ya chini, aliwaita chumbani kwake wote watatu: wifi, kaka yake na Mama Wembe.

“Vile vidonge vilikuwa vinaufungia uvimbe mlango,” alisema. “Ulikuwa unajilisha kwa homoni za mwili wako, sisi tukauzuia. Sasa umejifunza njia nyingine. Huu ulio kwenye ini si uleule tuliouondoa kwenye titi. Umebadilika tabia.”

“Kama wanaume,” wifi akasema.

Daktari alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye shughuli yake. “Ninataka tuchukue kinyama kwenye ini, tupime vinasaba vya uvimbe wenyewe, yaani yale maagizo yaliyo ndani ya seli zake. Kuna mabadiliko tunayoyatafuta. Tukiyakuta, kipo kidonge kinachoyalenga hayohayo, na ini lako linaweza kukistahimili. Tusipoyajua, tutabaki na dripu ya dawa kali. Dripu inapiga kila kitu, na ini lako limeshachoka. Nitakuwa mwongo nikikwambia siogopi.”

“Si mnacho kile kinyama cha titi cha zamani?” akauliza mume wa Mama Wembe.

“Tunacho. Lakini kitatupa habari za zamani.”

Siku ya kuchoma sindano, mara ya kwanza ilitoka na uzi mzuri wa nyama, urefu wa ukucha. Mara ya pili ilitoka na chengachenga. Halafu ini likaanza kuvuja damu, wakabana, wakamlaza wodini, na kwa muda kila aliyevaa koti jeupe alitembea haraka. Damu ilikata. Daktari wa saratani alipotoka alikuwa amelowa jasho. “Ini hili halichomwi tena,” aliwaambia. “Tulichokipata ndicho hichohicho.”

Bloku yake ilishuka chumbani asubuhi, kwenye trei moja na za wengine, na Mama Wembe akaliona jina. Wifi alitumia jina la marehemu mumewe, kwa hiyo mle ndani hakuna aliyejua kwamba hawa ni ndugu. Daktari wa darubini, mwanamume mrefu mwenye tabia ya kuongea na miwani yake badala ya watu, alikuja mwenyewe kutoa maagizo.

“Kioo kimoja changu mimi. Halafu kumi vya vinasaba, unene uleule wanaoutaka kule maabara kuu, usipunguze. Kinyama ni kidogo, lakini nimekipigia hesabu, kitatosha.”

Hapo ndipo alipotakiwa kusema “huyu wangu”. Maneno mawili. Aligeuza shingo, akamwona Chapuchapu anakula uso wa bloku nyingine. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kula uso: unaikwangua nta ya juu mpaka kinyama chote kijitokeze, ndipo uanze kukata vya kweli. Chapuchapu alikuwa anakwangua huku anacheka na nta inaruka kama maranda ya seremala. Mama Wembe akatazama ule uzi wa wifi ndani ya nta, mweupe, mwembamba, na mdomo wake ukajifunga.

Aliketi. Kioo cha kwanza, cha daktari, alikikata sawasawa. Ikabaki ile kazi ya vinasaba. Alishika gurudumu, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika kisu, kiganja kilimtoka jasho. Kila mzunguko ungemla wifi kidogo. Uzi ukiisha, umekwisha, na hakuna sindano nyingine. Je, kule maabara kuu wakikosea? Je, kioo kikivunjika njiani? Je, daktari akitaka kingine?

Akanyoosha kidole, akakirudisha nyuma kitufe cha mashine kinachopanga unene. Nusu.

Vioo kumi vilitoka. Vilikuwa vizuri kutazama, na kwa macho matupu hakuna mtu angejua kwamba kila kimoja kimebeba nusu ya alichoagizwa. Bloku akairudisha kwenye droo, zaidi ya nusu ya uzi bado imo, na akajiona amefanya jambo la maana, ameweka akiba. Akiba! Nyie mnaonisikiliza, hebu niambieni, nani aliwahi kushiba kwa chakula alichokifungia kabatini?

Vioo vikaenda. Kungoja kukaanza.

Wifi alikuwa amehamia kwao, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha linaloangalia barabara, kwa sababu alisema hawezi kufa bila kujua nani anapita na nani. Macho yalianza kuwa ya njano. Ngozi ilimwasha mchana kutwa, akajikuna kwa kitana chake cha saluni. Mama Wembe akirudi kazini anamkuta amekaa kitandani, shingo imebaki mifupa, ulimi haujapungua hata chembe.

“Wifi, si wewe uko jikoni kabisa? Hebu waambie hao wapishi waharakishe. Mteja ana njaa.”

“Yatakuja tu, wifi.”

“Yatakuja, yatakuja. Hata wewe mtoto wa pili ulisema atakuja, tukakaa siku mbili.”

Mama Wembe alicheka kwa adabu akaenda kusimama jikoni. Alijiambia wataalamu wa kule wana mashine kali, hata kidogo wataweza kukisoma. Alijiambia hivyo kila alipokuwa anaosha uso.

Majibu yaliletwa na daktari wa darubini mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kukatia, miwani mkononi. “Kile kinyama cha ini kimeshindikana,” alisema. “Vinasaba walivyovipata ni vichache mno, havisomeki. Ajabu kweli. Nilihesabu vizuri.” Akaifuta miwani kwa ncha ya koti. “Labda kinyama chenyewe kilikuwa kibovu. Na bloku itakuwa imekwisha. Basi, nitamwambia mwenzangu aendelee na dripu.”

Akangoja kidogo, labda mtu aseme neno. Chapuchapu akasema pole. Mama Wembe alikuwa anatazama maji kwenye beseni. Angeweza kusema hapo hapo, na msimulizi mwingine angemtetea kwamba alishtuka. Mimi simtetei. Aliogopa kazi yake, aliogopa macho ya watu kwenye korido, na zaidi ya vyote alimwogopa mumewe. Daktari akapanda ngazi zake.

Jioni ile nyumba ilikuwa kimya kabla hajafungua mlango. Mumewe alikuwa ameketi sebuleni bila kuwasha redio. “Wamepiga simu,” alisema. “Dripu inaanza Jumatatu. Daktari hakunificha. Amesema inaweza kumsaidia, na inaweza kummaliza.”

Chumba cha mbele, wifi alikuwa ameomba kioo na mashine yake ya kunyolea. “Nitajinyoa mwenyewe kabla dawa haijaninyoa,” alisema. “Sitaki kazi ya ovyo kichwani mwangu.” Kisha akaweka mashine mapajani, na sauti yake ikashuka. “Wifi, wewe unayajua mambo ya huko. Ni kweli kinyama changu kilikuwa kibovu? Yaani mwili mzima huu, hata kipande cha kupimwa kimekosekana?”

Mama Wembe alisimama na sinia mkononi.

“Sijui, wifi,” alisema.

Akatoka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake alifika kazini kabla ya wengine. Alifungua droo, akaitoa bloku, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Uzi ulikuwamo, salama salimini, kama alivyouacha. Kitu pekee duniani kilichoweza kumjibu wifi swali lake alikuwa amekificha yeye, kwa mapenzi, na mtu mwingine yeyote aliamini kwamba kimekwisha. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha maradhi, alificha dawa, na kifo kilikuwa kinakuja kumuumbua mtu mwingine.

“Ya nani hiyo?” Chapuchapu alikuwa nyuma yake, anavua mkoba.

“Ya wifi yangu.”

Basi yakamtoka yote. Alisema alivyoliona jina, alivyonyamaza, alivyopunguza unene, na kwa nini. Hata lile la viazi alilisema, sijui kwa nini, nadhani mtu akifungua kinywa cha kweli hakichagui. Chapuchapu alisikiliza bila kucheka, jambo ambalo mle ndani halikuwahi kutokea.

“Mchelea mwana kulia hulia yeye,” alisema mwishowe. “Haya, twende.”

“Wapi?”

“Kwa daktari. Unafikiri itapanda ngazi yenyewe?”

Daktari wa darubini alimsikiliza akiwa amesimama. Safari hii aliongea naye, si na miwani. “Tangu jana nimekaa najiuliza nimekosea wapi,” alisema. “Unajua nimekiita kinyama kile kibovu? Nimeandika hivyo. Daktari mwenzangu amepanga dripu kwa neno langu mimi.” Aliingiza mikono mifukoni kwa hasira. “Ungesema ni ndugu yako! Ungesema unaogopa! Ningekaa pembeni yako.”

“Nisamehe, daktari.”

“Si mimi wa kuombwa.”

Alimpigia daktari wa saratani palepale, akamweleza yote, na sauti ile ya chini ikasikika kwenye simu ikiuliza bloku imebaki kiasi gani na kama uvimbe umo. Kisha ikasema kwamba dripu inaweza kusogezwa, lakini si sana, kwa sababu kila siku ini linazidi kuzama, na kungoja kwenyewe ni kamari. “Mgonjwa ndiye ataamua kama anangoja,” ilisema. “Na hawezi kuamua bila kujua kwa nini. Mwambie huyo wifi yake aende akamwambie mwenyewe.”

Lakini kwanza bloku ikatwe, ijulikane kama kuna cha kungojea. Mama Wembe aliambiwa akae nje. Mlango wa chumba kile una kioo, na hakuna aliyemkataza kutazama.

Chapuchapu aliweka kisu kipya. Alifuta mashine, akafuta tena. Hakuimba. Tabu ni kwamba bloku ikishatolewa kwenye mashine, kuirudisha vilevile ni shida. Ikilala upande kwa upana wa unywele tu, kisu kitakula ncha moja ya uzi na kuiacha nyingine, na kwa uzi kama ule ncha moja ndiyo roho ya mtu. Chapuchapu aliinama, akamulika taa usoni mwa nta, akakaza skrubu, akalegeza, akakaza. Daktari alikuwa amesimama begani kwake. Mama Wembe alikuwa ameshikilia kitasa cha mlango bila kujua.

Gurudumu likazunguka. Utepe wa kwanza wa nta ukashuka, mzima. Wa pili. Wa tatu ukajikunja, Chapuchapu akaupuliza polepole ukanyooka. Uzi ndani ya nta ukawa unafifia. Ilipofika pale ambapo Mama Wembe, kwa mkono wake mwenyewe, angesimama na kusema inatosha, Chapuchapu hakusimama. Akazungusha. Akazungusha tena. Mama Wembe alifumba macho. Alipoyafumbua, bloku ilikuwa nta tupu na vioo vyote vimejaa, na daktari amebeba kimoja anakimbilia darubini. Aliporudi alitikisa kichwa kukubali. Seli za uvimbe zilikuwamo tele.

“Nimekula yote,” Chapuchapu alisema alipofungua mlango. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. “Hakuna nilichobakiza. Sasa nenda kwa wifi yako.”

Alimkuta wifi ameegemea mto, kichwa kimenyolewa kizuri, kinang'aa. Mumewe alikuwa amesimama dirishani. Mama Wembe aliketi pembeni ya kitanda akasema bila kuzunguka, kwa sababu njiani alikuwa ametafuta maneno laini na hayakupatikana. Kinyama hakikuwa kibovu. Mimi ndiye niliyekikata. Nilikata chembamba kuliko nilivyoagizwa, nilitaka kubakiza. Ndiyo maana hakikusomeka. Leo kimekatwa upya, na ukikubali kungoja, kuna nafasi ya kupata jibu.

Wifi alimtazama kwa yale macho ya njano.

“Ulijua,” alisema. “Jana nilipokuuliza, ulijua.”

“Nilijua.”

“Nikakuuliza mwili wangu una nini.”

“Ndiyo, wifi.”

“Toka.”

Haukuwa utani. Mama Wembe alimtazama mumewe, naye akageukia barabarani. Akatoka.

Wifi alikubali kungoja. Alimwambia daktari kwa simu, si yeye. Kazini Mama Wembe aliondolewa kwenye kisu, akawekwa kwenye dirisha la kupokea sampuli, na waliopita kwenye korido walipunguza sauti wakimkaribia. Hayo aliyameza. Alichoshindwa kumeza ni cha nyumbani. Akiingia kufagia, wifi anageukia ukutani. Chakula anapelekewa na kaka yake. Mwanamke aliyemsema tangu siku ya harusi, asiyeweza kukaa bila kumkosoa namna anavyofunga kitambaa, sasa hakuwa na neno moja la kumpa, na nyumba ilinyamaza hadi ukasikia bomba linavyodondosha maji.

Na ugonjwa haukungoja. Miguu ya wifi ilivimba, vidole vikajaa. Akawa analala mchana, anaamka katikati ya sentensi. Mama Wembe alikuwa akifika kutoka kazini anasimama kwanza nje ya mlango, anasikiliza kama mle ndani mtu anapumua. Aliogopa jibu litafika kitanda kimeshakunjwa. Aliogopa hilo kila siku, na hakuwa na wa kumwambia.

Jibu lilifika mchana, watu wanatoka kula. Daktari wa darubini alishuka ngazi mbilimbili, akapita dirisha la sampuli, akarudi nyuma. “Vimesomeka,” alimwambia. “Yapo. Ni yale mabadiliko uvimbe unayojifunza ukikaa sana na vile vidonge vya zamani. Na kidonge chake kipo.” Kisha akaenda kupiga simu. Mama Wembe aliinamisha kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na kwa mara moja maishani mwake hakumwomba mtu radhi.

Daktari wa saratani aliwaita tena. Safari hii wifi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na Mama Wembe alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

“Siwezi kukuahidi uponyaji,” daktari alisema. “Kidonge hiki kinaweza kuurudisha nyuma uvimbe na kukupa muda. Ni muda kiasi gani, sijui. Kinaweza pia kisifanye kitu. Na tunaanza tukiwa tumechelewa.”

“Mmechelewa, au nimecheleweshwa?” wifi akauliza.

Daktari akamimina maji kwenye glasi.

Siku ile baada ya kurudi nyumbani, Mama Wembe alikuwa jikoni anapanga masufuria aliposikia sauti kutoka chumba cha mbele. Ilikuwa dhaifu, lakini alijua inaita nani.

“Wifi!”

Alidhani amekosea kusikia. Alifuta mikono akaenda, akasimama kizingitini.

“Lete kikatia kucha,” wifi alisema, bila kumtazama. “Vidole vimevimba, mkasi siuwezi. Hizi kucha najichunia ngozi tu.”

Alikileta. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, akaupokea ule mkono, mzito, wa moto, mkono uliosuka vichwa vya mtaa mzima. Akashika kidole gumba, akakata ncha ndogo kabisa, akaipuliza, akaangalia kama ameumiza.

Wifi aliinua kidole, akakichunguza.

“Hii umekata au umeipungia mkono?”

Mama Wembe akakishika tena kidole.

“Usinionee huruma, wifi. Kata mpaka mwisho.”

Akainama, akakata mpaka mwisho. Kidole kimoja, kikafuata kingine. Machozi yalimdondokea wifi kiganjani, na wifi akayafuta kwenye shuka. Walipofika kidole cha kati, akasema, “Sijakusamehe.”

“Najua.”

“Basi endelea. Mkono wa pili bado.”